Pikapu ya Kumpeleka Mama Subukia

Jumamosi, Machi 1

Natalie, binti wa marehemu dada yangu, amenipa kitabu hiki. Ni kitabu cha tarehe, walipewa huko shamba la maua anakofanya kazi. Yeye amepanga chumba Karagita na hana wakati wa kuandika. Akaniambia, "Anko, andika humu hizo hadithi zako, ndio siku moja tuzihesabu tuone ngapi ni za kweli." Nilicheka. Mimi niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauzungusha darasani wengine wauone. Kama si karo, saa hii ningekuwa profesa.

Basi naanza na jambo la maana. Nina gari. Nilinunua mwezi wa kumi na moja, pikapu ya bluu, ya zamani, chuma chenyewe, si hizi za siku hizi ukiziegemea zinabonyea. Naiita Meja kwa sababu aliyeniuzia alikuwa meja wa jeshi. Wangechi mke wangu anasema aliyeniuzia alikuwa mtu wa kabeji kutoka Molo. Mtu anaweza kuwa meja na auze kabeji.

Siku ya Krismasi, mbele ya wote waliokuja kula, nilisimama nikamwambia mama yangu kwamba mvua za masika hazitaisha kabla sijampeleka Subukia, kwenye lile shamba la mzungu tulikozaliwa. Nikasema atakaa mbele, ndani ya kabini, karibu na dirisha, na mimi ndiye nitashika usukani. Watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Alisema tu, "Nipeleke mapema, Gathogo."

Jicho lake la kushoto lilizima mwaka juzi. Presha ya macho. La kulia, daktari alisema linafungika polepole kutoka pembeni, labda litafika katikati ya mwaka, labda halitafika. Mama aliingia Subukia akiwa bibi arusi wa miaka kumi na minane na macho mawili mazuri. Anataka kupaona tena akiwa bado na moja.

Meja ana shida ndogo tu. Akiona mlima, anachemsha.

Jumanne, Machi 4

Nimempeleka Meja gereji kwa kijana anaitwa Kiptanui, nyuma ya kile kinu cha unga kilichofungwa. Namwita kijana, ana kama miaka arobaini. Ni mrefu, mkimya, anaongea utadhani maneno yanauzwa kwa kilo. Hapo kwao spea unanunua mwenyewe na ulinzi unafanya mwenyewe. Kuna benchi refu chini ya mabati, wenye magari wanashinda hapo, kila mtu ameangalia gari yake kama mtu anayeangalia ng'ombe wake mnadani, kwa sababu watu husema ukigeuza shingo tu, starta yako nzuri inahamia kwa gari ya mwingine. Nilikaa.

Kiptanui alifungua boneti akaanza kuchungulia. Nikaona nimsaidie. Nikamweleza kwamba mwaka wa themanini na tano, rali ya magari ikipita Elmenteita, matope mpaka kifuani, mimi ndiye nilibadilisha gia boksi ya mzungu mmoja kwa dakika kumi na moja, na yeye mwenyewe akinishikia mwavuli. Benchi lote liligeuka kunitazama. Kiptanui alipangusa mikono, akaniangalia sana, halafu akaniita fundi mkubwa. Tangu hapo hakugusa nati bila kuniuliza.

Aliuliza naweka maji gani kwa radieta. Swali hilo lilinikera. Mtu wa rali unamuuliza maji? Nikamwambia naweka ile dawa ya kijani ya dukani, peke yake, tangu siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba dawa niliweka mara moja. Siku zingine ninajaza maji ya kisima cha ploti yetu hapa Section 58, Nakuru, haya ya chumvi tunayopikia. Maji ni maji.

"Basi, fundi mkubwa," akasema, "wewe unaonaje?"

Nikamwambia ni radieta. Nilisema radieta kwa sababu ndiyo nilikuwa naiangalia.

Jumatano, Machi 5

Radieta imeingia. Si mpya, imetoka Japani, lakini kwa Meja ni mpya.

Ijumaa, Machi 7

Vumbi tupu, mvua bado. Mama ameuliza kama gari imepona. Nikamwambia imepona na nusu.

Jumapili, Machi 16

Naandika leo na sitarudia kuisoma.

Mama alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili asubuhi, koti lake la kijivu la kanisa, kitambaa cheupe. Wangechi alitupakia chai kwa chupa na viazi vitamu. Jirani yetu Kahiga alikuwa nje anaosha gari yake, Probox. Huyo huosha hata ikiwa safi, apate tu watu wapite wakimwona. Akaniambia, "Jirani, mkikwama nipigie." Nikamwambia Meja hajui hilo neno.

Tulipita Free Area, tukashika njia ya Bahati. Mama alishusha kioo. Alikuwa anasoma mabango kwa sauti, herufi moja moja: hoteli, kanisa, dawa za mifugo. Akiona kitu anakitazama mpaka kipite kabisa, anageuza shingo yote kwa sababu pembeni haoni. Nilikuwa najua anachofanya. Anaweka akiba.

Mlima ulipoanza kwa ukweli, kabla hata ya msitu, mshale wa joto ulipanda. Nikamwambia mama ni mshale ndio mbovu. Halafu mvuke ukatoka kwa boneti, mweupe, mwingi, hata yeye akauona.

Tulikaa kwa mawe kando ya barabara tukinywa chai. Hakunilaumu. Akaniambia kwamba mara ya kwanza kupita hapa alikuwa juu ya lori la kuni, amekalia sanduku lake la mbao, na baba yangu alikuwa ameshikilia kofia kwa mikono miwili njia nzima kwa sababu ilikuwa ya kuazima. "Sikumwangalia uso mpaka tukafika," akasema. "Niliangalia kofia tu, nikiomba isipeperuke."

Nilimpigia Kahiga simu. Alikuja na kamba akatuvuta mpaka nyumbani. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Jumatatu, Machi 17

Mama anasema bado kuna siku.

Jumatatu, Machi 24

Mvua imefika leo saa tisa, ile ya kwanza yenye harufu ya udongo. Nilikuwa benchini. Watu wote waliinua macho, hata wenye nyundo.

Kiptanui alitaka kufungua njia za maji ndani ya injini aone kama zimeziba. Nikamuuliza zitaziba na nini, na mimi naweka dawa ya kijani? Akatikisa kichwa, akasema ni kweli, fundi mkubwa. Nikamwambia ni pampu ya maji. Kwa rali tulikuwa tunabadilisha pampu kama watu wanavyobadilisha soksi.

Jumamosi, Machi 29

Pampu imewekwa. Amechemsha tulipofika Maili Sita.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua. Benchi.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua. Benchi. Mwenye lori la tipa, jirani yangu hapo benchini, yuko mwezi wa tatu. Ameanza kuleta mto wa kukalia.

Jumatano, Aprili 9

Leo mvua ilipiga mabati mpaka ukiongea na mtu unamwona midomo tu. Trekta moja kuukuu ilikuwa imeletwa, na Kiptanui alipoiwasha, ile harufu ya dizeli iliniingia puani ikanitoa Nakuru. Nilirudi nikawa na miaka saba.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwa mzungu tuliyemwita Kihara, kwa sababu ya upara wake. Jina lake la kweli sikuwahi kulijua. Tulikaa kwenye laini za wafanyakazi, vibanda vya udongo vimepangwa kama meno, chetu kilikuwa cha tatu kutoka mwisho. Jioni baba akirudi alikuwa ananipandisha mapajani, nashika usukani kutoka kwa geti mpaka stoo. Nilikuwa naamini ni mimi naendesha. Alikuwa anaondoa mikono yake ananionyesha, eti tazama, uko peke yako, kumbe magoti yake yalikuwa yameshika usukani kwa chini. Mama alikuwa anatoka kwa kahawa, vidole vimegandwa na utomvu, na sauti yake ilikuwa inafika kabla yake, anagombana na mwenzake huku wanacheka. Kulikuwa na maziwa. Kulikuwa na viazi vitamu vya kuchomwa kwa jivu, na tangu siku hizo nimekula kwa mahoteli ya watu wakubwa na sijakutana navyo tena.

Mwaka wa themanini Kihara aliuza shamba. Lilinunuliwa na watu wa kampuni, wenye hisa. Baba hakuwa na hisa. Tuliambiwa mwisho ni Ijumaa. Tulitolewa kwa trela la trekta ile ile ya baba, siku hiyo ikiendeshwa na mtu mwingine. Mama alikaa juu ya magunia, ameshika kuku kwa miguu, na wenye hisa walikuwa wamesimama getini wanatuangalia tukipita. Mmoja alikuwa anakula muwa. Baba alitembea kwa miguu nyuma ya trela. Alikataa kupanda.

Hii sijawahi kumwambia mtu, hata benchini. Niliapa siku hiyo kwamba mama atapita geti hilo tena akiwa amekaa ndani ya gari, amefungiwa mlango, na anayeendesha ni mtoto wake. Si gari ya kuazima. Ndiyo sababu Kahiga akijitolea na gari yake nageuza maneno.

Alhamisi, Aprili 10

Nimesema ni gasketi ya hedi, ile ya juu ya injini. Kiptanui amesema sawa.

Jumanne, Aprili 15

Hedi imepelekwa kusawazishwa kwa mashine. Nimeuza mbao zote zilizokuwa kibandani ninapofanyia useremala, hata zile alizolipia mteja wa Njoro. Nitamtafutia zingine.

Jumapili, Aprili 20. Pasaka

Nilikuwa nimemwambia mama tunaenda kesho. Jana nikamjaribu Meja peke yangu. Alipanda vizuri, akafika msituni, nikaanza kuimba. Nilikuwa kwa ubeti wa pili alipochemsha.

Leo baada ya kanisa Wangechi hakungoja nivue koti. Alisema Kahiga amejitolea kumpeleka mama, tuweke mafuta tu, na Subukia si mbali. Nikamwambia mama yangu hatapelekwa kama mzigo wa jirani.

"Baba Jeff," akaniambia, "macho ni yake. Kiapo ni chako."

Nilimwambia mwanamke hawezi kuelewa mambo ya gari. Akasema haongei juu ya gari. Chumbani mama aliongeza sauti ya redio. Alikuwa ametusikia, na koti la kijivu lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni.

Jumatatu, Aprili 21

Sikwenda popote. Mvua.

Jumamosi, Mei 3

Natalie amekuja na maua, yale wanayokataliwa kwa sababu shina limepinda. Mama, shosho wake, aliyapeleka karibu na uso mpaka yakamgusa pua.

Baadaye Natalie alinifuata nje. "Anko, shosho amenisalimia nikiwa nimeshakaa. Hakuniona nikiingia."

Nikamwambia ni giza, mvua imefunika.

"Anko, ilikuwa saa sita mchana."

Nikamweleza kwamba fundi amebakisha kitu kidogo sana, themostati, wiki ijayo tunaenda. Hakubishana na mimi. Zamani alikuwa anabishana na mimi mpaka tunacheka wote. Leo alinitazama kama ninavyowatazama watu wanaoniuzia vitu vibovu.

Jumatano, Mei 7

Themostati. Benchi. Mvua.

Ijumaa, Mei 9

Kesho tunajaribu mlima.

Jumamosi, Mei 10

Hatukujaribu.

Asubuhi nilisikia mama anamuuliza Wangechi mbona hajafungua dirisha. Nikaingia. Dirisha lilikuwa wazi, jua lilikuwa limeingia mpaka kwa blanketi, jua zuri, la kwanza wiki nzima. Mama alikuwa amekaa kitandani uso umeelekea ukutani.

Nikasema, "Mama, nimefungua."

Akageuza uso akangoja. Kisha akapapasa blanketi pale jua lilipokuwa, akaacha mkono hapo.

"Kumbe ni leo," akasema.

Akaniomba nimpe kitambaa chake cha kichwa. Nilikishika mkononi, sikujua nimpe ama nimfunge. Akakichukua akajifunga mwenyewe, vizuri kabisa, kama kila siku.

Jumatatu, Mei 12

Tumetoka kwa daktari wa macho. Tulipelekwa na Kahiga. Sikuomba, alikuwa amefungua tu mlango.

Daktari ni msichana mdogo, ana sauti ya chini. Alimpima mama kwa muda mrefu. Akatuambia la kulia nalo limekwisha, halitarudi. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kulirudisha hata kwa siku moja. Nikamwambia Jumapili moja tu ingetosha. Aliweka kalamu chini, akasema, "Hapana, baba."

Mama alikuwa ameketi kati yetu, mikono kwenye mapaja. Akamwambia daktari asante.

Nimehesabu Jumapili zote tangu Krismasi. Ni ishirini.

Alhamisi, Mei 15

Nimekwenda gereji kumtoa Meja. Nilitaka tu aondoke hapo.

Kiptanui alikuwa amesikia habari, sijui kwa nani. Aliniambia pole, kisha akaniomba ruhusa. Alisema kuna kitu amekuwa akitaka kuangalia tangu mwezi wa tatu na nimekuwa nikimkataza. Nikamwambia afungue chochote. Akafungua kizibo kimoja ubavuni mwa injini, mahali maji yanapopita. Maji hayakutoka. Akaingiza bisibisi akachokora, na kikadondoka kitu cheupe, kigumu, kama yale magamba tunayobandua kwa sufuria ya chai. Akachokora tena. Injini yote ilikuwa imejaa hiyo.

"Fundi mkubwa," akasema, "hii si dawa ya kijani."

Benchi lilikuwa na watu wanne na wote walikuwa wanasikiliza. Mwenye tipa alikuwa na mto wake. Nilifikiria maneno. Mengi yalikuja: kwamba aliyeniuzia ndiye aliweka, kwamba mtoto wangu Jeff alijaza bila kujua. Jeff yuko Nairobi tangu Januari. Halafu nikauona tena akilini uso wa mama umeelekea ukutani.

Nikasema ni maji ya chumvi. Ya kisima cha ploti. Nimekuwa nikiweka hayo tangu Januari, nikichemsha naongeza, nikichemsha naongeza.

Kiptanui aliketi juu ya tairi. "Mzee, ungeniambia maji ya chumvi, ningeanza hapa. Siku ile ya kwanza."

Basi nikaona nimalize yote. Nikawaambia kwa rali sikuwahi kugusa gari. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha kwa ndoo. Mzungu mmoja alininunulia mawili, akaniomba nimshikie mwavuli akila. Mwavuli ni mimi niliushika.

Hakuna aliyecheka. Mwenye tipa aliangalia viatu vyake.

"Mimi pia nina makosa," Kiptanui akasema. "Nilijua gia boksi haiwezi kutoka kwa dakika kumi na moja. Hata mia na kumi. Lakini umri wako ni wa baba mdogo kwangu. Mzee akisema hivyo mbele ya watu, utamwambia nini?"

Miezi miwili unusu nimemwangalia mkono wake kwamba asiniibie starta. Starta ipo. Nati zote zipo. Alikuwa ananitii.

Alimwasha Meja mara ya mwisho, tukasikiliza pamoja. Akaniambia injini imepasuka kwa ndani, kutoka silinda ya pili mpaka ya tatu, kwa joto la kuchemsha mara nyingi. Haizibiki. Alikataa pesa za kazi ya leo. Niliziweka juu ya kisanduku chake cha spana nikaenda.

Ijumaa, Mei 16

Sina la kuandika.

Jumatano, Mei 21

Mvua imepungua. Natalie amepiga simu akaongea na shosho wake muda mrefu, kisha akaomba nipewe. Nikamwambia mambo ya maji ya chumvi, yote, na mayai. Akaniuliza, "Na ile hadithi ya chui wa Menengai, anko?" Nikamwambia alikuwa paka. Mkubwa, lakini paka. Nikamsikia anacheka na analia pamoja.

Jumamosi, Mei 24

Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wamemchukua Meja. Walimvuta kwa mnyororo. Nilisimama barabarani mpaka akapinda kona. Alikuwa mzuri kwa rangi.

Nilipoingia mama akauliza hiyo kelele ni ya nini. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia gari imeisha, na aliyeiua ni mimi, na nikamweleza vile nilivyoiua. Nikamwambia ningekubali gari ya Kahiga, angeiona Subukia mwezi wa tatu, na mara ya pili mwezi wa nne. Sikupunguza kitu.

Aliacha chai yake ikapoa. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Sasa tutaenda lini?" akauliza.

Nikamwambia mama, sasa itakuwa ya nini?

"Sikukuambia macho yakiisha usinipeleke. Nilikuambia unipeleke."

Nilitoka hapo hapo nikaenda kwa Kahiga. Alikuwa anaosha gari. Nilisimama pale na sabuni inapita kwa viatu vyangu, nikamwambia, jirani, nakuomba. Akazima maji. "Jumapili ijayo, saa mbili," akasema. "Mama akae mbele." Akaniuliza kama nataka kuendesha mimi. Nikamwambia hapana, gari ni yake.

Jumapili, Juni 1

Tumeenda.

Mama alikaa mbele na Kahiga, koti la kijivu, kioo kimeshushwa. Mimi nilikaa nyuma. Msituni mama alisema tumeingia msituni, kwa baridi. Mteremko wa Subukia ulipoanza alishika ukingo wa mlango na akawa anamwambia Kahiga kona kabla hazijafika. "Hapa kulia. Sasa nyingine, kulia tena. Hapo palikuwa na daraja la mbao." Daraja ni la simiti siku hizi, lakini lilikuwa pale pale. Kahiga alinitazama kwa kioo cha ndani.

Mimi nilimwelekeza Kahiga vibaya mara moja. Mama hakukosea. Alisema tumepita, turudi, na kweli tulikuwa tumepita.

Tulipofika, tukashuka. Nikamshika mkono tukasimama kando ya barabara ya udongo. Kulikuwa na upepo mdogo unatoka chini bondeni. Mama aliinua uso.

"Unaona nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari, sikuyaita: kahawa mstari kwa mstari, geti jeupe, nyumba ya Kihara na waridi zake, na laini zetu, na moshi unatoka kwa kile cha tatu kutoka mwisho. Angefurahi. Na nani angemwambia si kweli? Kahiga alikuwa ameinama anaangalia tairi lake.

Nikasema, "Geti hakuna, mama. Hata nguzo hakuna."

"Laini zetu?"

"Hakuna. Ni mahindi ya mtu. Yamefika kiunoni, yana rangi nzuri."

"Kahawa?"

"Imeng'olewa. Kuna nyumba za mabati, sita. Nyumba moja ina mlango wa bluu na nguo zimeanikwa. Nyumba ya Kihara siioni. Labda ilikuwa pale penye kanisa."

Mkono wake ulikaza kidogo kwangu. Nilidhani atasema turudi. Akauliza kuhusu ule ukuta wa tangi walilokuwa wanaoshea kahawa, pale alipokuwa ananiketisha nikiwa mtoto ili asinipoteze. Nilitafuta kwa macho kwa muda. Nikauona ndani ya magugu.

"Upo nusu," nikamwambia. "Kuna mbuzi wamepanda juu yake."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Wa rangi gani?"

Nikamwambia. Wawili weupe, mmoja mweusi ana doa jeupe kwa goti. Mweusi anakula. Weupe wanatuangalia. Mama akacheka kwa pua, akaegemea bega langu, akaniambia niendelee. Nikaendelea, nikazunguka shamba lote kwa macho, mti kwa mti, mlango kwa mlango, mpaka Kahiga akaja akasimama nasi akisikiliza, na sikuongeza hata mbuzi mmoja.